Kagera 1979: kujilinda au kuwaokoa Waganda? Leteni hoja

Kyaka Darajani (mleta mada)

Wakuu, kila mjadala wa kupeleka jeshi nchi ya watu "kwa ajili ya utu" unakimbilia Kosovo na Libya. Sisi wenyewe tumo vitabuni. Wanasheria wa kimataifa wakitafuta mifano ya miaka ya sabini hutaja mitatu: India kuingia Pakistani ya Mashariki 1971, Vietnam kuingia Kambodia mwishoni mwa 1978, na Tanzania kuingia Uganda 1979. Cha ajabu ni kwamba hakuna serikali kati ya hizo tatu iliyosimama mpaka mwisho kwenye hoja ya kuokoa watu.

Tarehe kwanza, tusije tukagombana bure. 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto, kilomita za mraba 1,800 hivi, ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mpaka halisi pale ni mstari wa digrii moja kusini mwa Ikweta uliochorwa na wakoloni. Mto wenyewe uko ndani kwetu. 2 Novemba Mwalimu akatoa hotuba ya uwezo, sababu na nia. Mutukula ikaanguka Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Entebbe 7 Aprili, Kampala 11 Aprili. Vita ikahesabiwa imekwisha 3 Juni, vikosi vilipofika mpaka wa Sudan.

Msimamo wangu: kumfukuza mvamizi hadi mpakani ni kujilinda. Hata kuichukua Mutukula, ambako mizinga yake ilikuwa juu ya mwinuko ikitupiga, bado ni kujilinda. Lakini kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Hizo kilomita 200 tunaziita nini?

Wakili wa Kata

Mkuu, swali zuri, na jibu la serikali ya wakati ule lilikuwa la kiufundi kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu alisema kuna vita mbili: ya Tanzania kumwadhibu mvamizi asirudie, na ya Waganda kumng'oa dikteta wao. Vita mbili zikaenda kwenye barabara moja.

Kwa nini azunguke hivyo? Soma Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ibara ya 2(4) inakataza kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Milango ni miwili tu: ibara ya 51, kujilinda ukishambuliwa kwa silaha, au Baraza la Usalama kutoa ruhusa chini ya Sura ya Saba. Hakuna mlango wa tatu ulioandikwa "kuokoa wananchi wa jirani". Na mkataba wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ulikuwa mkali zaidi: kutoingilia mambo ya ndani ya mwanachama ilikuwa nguzo yenyewe. Mwalimu angesema ameingia kwa sababu Amin anaua watu wake, nusu ya marais waliokaa kwenye vikao vile wangeanza kujiuliza zamu yao lini.

Na waliuliza. Kwenye mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliisema Tanzania hadharani. Aliyesimama kuitetea ni Binaisa, rais mpya wa Uganda. Baraza la Usalama lenyewe halikuwahi kutoa azimio lolote juu ya vita hii.

Kujilinda nako kuna masharti mawili: ulazima na uwiano. Uwiano si kwamba akikurushia kombora moja nawe urushe moja. Unapimwa kwa kilichohitajika kuondoa tishio. Tanzania iliweka masharti ya kusimamisha vita: OAU imlaani Amin, aache kudai ardhi, alipe fidia. OAU haikumlaani. Kwa hiyo hoja ya kwamba tishio lilikuwa hai haikuwa ya kubuni. Ila kubadilisha serikali nzima kwa jina la kujilinda ni kuivuta ibara ya 51 karibu ikatike.

Kombania ya Ugavi

Wanasheria mnaruka kitu kimoja. Nia bila lori ni hotuba.

Mwezi Oktoba 1978 eneo lile lilikuwa na askari wachache mno kuzuia chochote. Kilichofuata ni kusomba jeshi kutoka pande zote za nchi: treni, magari ya mashirika ya umma, mabasi na malori ya watu binafsi. Mgambo waliitwa kwa makumi ya maelfu. Daraja la Kyaka lilipovunjwa, ng'ambo ikawa haifikiki kwa silaha nzito hadi wahandisi waunge kivuko kingine. Huo ndio ulikuwa mlango wa vita nzima: bila daraja, vifaru vyako ni mapambo.

Mfano wa pili ni Lukaya, Machi 10 na 11. Barabara ya Masaka kwenda Kampala pale inapita katikati ya kinamasi, juu ya tuta. Huwezi kutawanya magari kushoto wala kulia. Ukishika tuta umeshika barabara. Brigedi ya 201, yenye mgambo wengi, ilipewa kazi ya kulishika. Usiku ule wakaja Walibya waliotumwa kumsaidia Amin, pamoja na Waganda wake, vifaru mbele na roketi nyuma, na kikosi kikatawanyika. Roketi hazikuua wengi. Kishindo chake kwa mtu ambaye hajawahi kukisikia ndicho kilichofanya kazi.

Kilichookoa hali ni Brigedi ya 208, iliyokuwa kaskazini-magharibi. Ilitembea usiku kucha kuzunguka kinamasi, alfajiri ikatokea nyuma ya adui kwenye barabara ya Kampala, huku 201 iliyokusanywa upya ikisukuma kutoka mbele. Walibya kama 200 walikufa hapo. Baada ya Lukaya, Kampala ilikuwa suala la ratiba.

Na zile saba saba zetu, mitambo ya roketi ya BM-21, zilifanya kwa askari wa Amin kilekile roketi za Walibya zilichofanya kwa mgambo wetu.

Banange

Banange, nyote mnaishia siku Kampala ilipoanguka. Kwetu ndiyo siku mambo yalipoanza.

Nianze na ambalo nyimbo haziliimbi. Mutukula ilisawazishwa kwa tingatinga na raia waliuawa. Masaka ilibomolewa kwa baruti kulipiza yaliyofanyika Kagera, na ile si ngome, ni mji wa wafanyabiashara. Kumshukuru aliyemwondoa Amin hakuzuii kulisema hilo. Makadirio ya waliouawa chini ya Amin yanaanzia 80,000 hadi laki tano, kwa hiyo shukrani ilikuwa ya kweli, na siku za kwanza askari wa Tanzania walipokewa kwa shangwe.

Kisha uporaji. Kampala ilikaa siku kadhaa bila polisi. Polisi wa Amin walikuwa wamekimbia au wamejificha, na askari wa mstari wa mbele hajafundishwa kukamata mwizi wa godoro. Maduka, ofisi, maghala, vyote vilifagiliwa na wenyeji, na baadhi ya askari hawakubaki nyuma.

Halafu siasa. Mkutano wa Moshi ulifanyika 24 hadi 26 Machi 1979, wiki mbili tu kabla ya Kampala kuanguka. Vikundi zaidi ya ishirini vya wakimbizi ambao hawakubaliani hata nani akae kiti cha mbele vikaambiwa viunde serikali. Wakaunda umoja wao, UNLF, wakamweka Yusuf Lule kuwa rais. Alidumu siku 68. Akaja Binaisa, akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Marais wawili waliondolewa bila uchaguzi wa wananchi huku majeshi ya Tanzania yakiwa mjini. Hapo ndugu zangu mlikuwa mnajilinda dhidi ya nani?

Kyaka Darajani

Banange, hilo la mwisho limeingia. Ila usisahau kwamba kukaa kulikuwa mzigo. Hesabu inayotajwa mara nyingi ya gharama ya vita kwa Tanzania ni dola milioni 500, na hakuna nchi tajiri iliyolipa. Mwalimu aliomba watu wafunge mkanda miezi 18, mkanda haukufunguliwa.

Banange

Sikatai gharama. Nasema jeshi la nchi moja, lenye kipenzi chake kati ya wagombea, haliwezi kuwa mwamuzi. Ona lilivyoundwa jeshi jipya: Kikosi Maalum cha Oyite-Ojok na Tito Okello upande mmoja, Fronasa ya Museveni upande mwingine, kila mmoja akisajili vijana wake njiani kuelekea Kampala. Fronasa ilianza na watu wachache ikafika maelfu. Mlipovuka mpaka mlikuwa mmebeba vita inayofuata ndani ya malori yenu.

Na kuondoka kwenu nako kuliua. West Nile, nyumbani kwa Amin, askari wa Tanzania walikuwa na nidhamu kuliko jeshi jipya la Uganda. Walipoondoka mwaka 1981, mwezi Juni ikatokea mauaji ya Ombaci, kwenye misheni iliyojaa watu waliokuwa wamekimbilia hapo.

Mchora Ramani

Haya ya Banange yana namba zake. Wachambuzi wa operesheni za kutuliza nchi wamekuwa wakitumia kipimo cha askari 20 kwa kila wakazi 1,000. Si sheria ya fizikia, lakini kinaonyesha ukubwa wa kazi. Kosovo baada ya 1999: watu karibu milioni mbili, KFOR, kikosi cha NATO cha kulinda amani, ilifika askari 50,000. Hiyo ni 25 kwa 1,000, na ulinzi ukashika. Uganda, sensa ya 1980: watu zaidi ya milioni 12. Kwa kipimo kile unahitaji askari 240,000. Jeshi la Tanzania lote, mgambo wakiwemo, halikufika huko.

Kwa hiyo unapoambiwa operesheni ni ya kibinadamu, maswali ya kwanza yasiwe ya ndege wala vifaru. Uliza: polisi wa siku ya pili wanatoka wapi, wangapi, wanaongea lugha gani? Nani ana orodha ya mishahara ya walimu na wauguzi, na mwezi ujao inalipwa na nani? Silaha za jeshi lililovunjwa zinakusanywa wapi, na nani anashika ufunguo? Magereza je? Libya 2011 haikuwa na jibu hata moja. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la 17 Machi, lilipita kwa kura 10, tano zikijizuia, likaruhusu kulinda raia kwa "hatua zote zinazohitajika" na kukataza jeshi la kukalia nchi. NATO ikapiga kutoka angani hadi serikali ikaanguka, 31 Oktoba ikafunga operesheni. Maghala ya silaha yakabaki wazi, na silaha zikasambaa mpaka Mali.

Wakili wa Kata

Nakazia hapo, maana Libya ndiyo iliyoua imani. Urusi na China zilijizuia, hazikupiga turufu. Zilipoona "kulinda raia" imegeuka kubadilisha utawala, kwenye suala la Syria zikafunga mlango kabisa.

Na watu wananukuu vibaya ule Wajibu wa Kulinda (R2P), dhana ya kwamba dunia iwalinde raia pale serikali yao inaposhindwa. Tume ya kimataifa ya 2001 ilitoa vigezo sita: sababu ya haki, nia sahihi, iwe hatua ya mwisho, nguvu ziwiane, kuwe na matumaini ya kufanikiwa, na mamlaka halali. Lakini viongozi walipopitisha dhana hiyo Umoja wa Mataifa mwaka 2005, aya ya 138 na 139 za tamko lao, vigezo hivyo havikuwekwa. Kilichobaki ni kwamba hatua ichukuliwe kupitia Baraza la Usalama, kesi moja moja. Yaani kura tisa kati ya 15 na asipatikane mkubwa hata mmoja mwenye turufu wa kupinga. Kosovo haikupata hata hiyo. NATO ilipiga mabomu siku 78 bila ruhusa, na tume huru ya Goldstone iliyoichunguza vita hiyo ikasema operesheni ilikuwa kinyume cha sheria ila ina uhalali wa kimaadili. Kauli hiyo inawafaa wenye ndege za kivita.

Msimbo Mchungu

Samahani wakuu, naleta kesi ya upande wangu wa programu. Mtaona inaingia.

Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mtunzaji wa node-ipc, maktaba ya JavaScript (msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia) iliyokuwa ikipakuliwa mara kama milioni moja kwa wiki, aliweka msimbo wa siri katika matoleo 10.1.1 na 10.1.2. Programu ikiwaka, inauliza anwani ya IP iko nchi gani. Ikijibiwa Urusi au Belarus, inafuta yaliyomo kwenye mafaili na kuandika emoji ya moyo. Matoleo ya baadaye yakapunguza ukali: yanaacha tu faili la ujumbe wa amani kwenye kompyuta yako. Kwa kuwa Vue CLI, chombo cha kuanzishia miradi ya tovuti, iliitegemea maktaba hiyo, watu waliofungua mradi mpya siku hizo waliipokea bila kujua ipo.

Wengi walimshangilia: nia njema, upande sahihi. Sasa mpitisheni kwenye vigezo sita vya Wakili. Sababu ya haki, sawa. Nia, sawa. Hatua ya mwisho? Hapana. Uwiano? Anwani ya IP haijui nani ni jenerali na nani ni mwanafunzi au mpinzani wa vita, na anayetumia VPN anaonekana yuko nchi nyingine kabisa. Matumaini ya kufanikiwa? Hakuna kifaru kilichosimama. Mamlaka? Alijipa mwenyewe.

Kwa wanaoandika programu: kuzima skripti za usakinishaji kusingewasaidia, maana msimbo ulikaa ndani ya maktaba yenyewe na uliamka ilipoitwa. Kilichosaidia ni package-lock.json (faili linalofunga namba za matoleo) kuwekwa kwenye hazina ya mradi, seva kusakinisha kwa npm ci badala ya npm install ili isivute toleo jipya kimyakimya, na kuchelewesha masasisho siku kadhaa ili wengine wagundue kwanza. Ukiona alama ya ^ mbele ya namba ya toleo, jua umempa mtu usiyemjua ruhusa ya kubadilisha programu yako kesho asubuhi.

Kombania ya Ugavi

Mkuu Msimbo, umetoka nje ya uwanja lakini goli nalikubali. Tofauti moja: jamaa wa node-ipc hakugharimika chochote. Aliyevuka Mutukula alihatarisha roho yake. Wapo waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile.

Msimbo Mchungu

Sawa kabisa. Ila wa NATO aliyepiga kutoka futi 15,000 yuko karibu zaidi na jamaa wangu kuliko na wa Kaboya.

Volkano ya Goma

Bakubwa, salama. Mnaongea ya 1979 na ya Ulaya, na sisi huku mashariki mwa Kongo tumeletewa majaribio mawili, la UN na la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika.

Azimio 2098 la 28 Machi 2013 lilianzisha Brigedi ya Kuingilia Kati ndani ya MONUSCO, ujumbe wa UN nchini Kongo: askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, batalioni tatu za miguu, moja ya mizinga, na kombania ya makomandoo na upelelezi. Kamanda wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kilichokuwa kipya ni ruhusa ya kushambulia bila kungoja kushambuliwa. Novemba mwaka ule waasi wa M23 walishindwa kwenye vilima vya Chanzu na Runyonyi. Watu wakasema brigedi ndiyo dawa.

Angalieni vizuri ilivyofanya kazi. Miguu mingi ilikuwa ya FARDC, jeshi la Kongo, ambao mara hiyo walilipwa, walilishwa na walikuwa na kamanda mmoja. Brigedi ilitoa mizinga na helikopta, zikiwemo Rooivalk za Afrika Kusini. Na Kigali, iliyotuhumiwa kuwasaidia M23, ilikuwa imebanwa na wafadhili, misaada imekatwa. Vitu vitatu kwa pamoja.

M23 waliporudi mwishoni mwa 2021, brigedi ilikuwepo bado kwenye karatasi na ruhusa yake ileile. Lakini FARDC ilikuwa imerudi kwenye mtindo wa zamani na kuegemea wanamgambo wa Wazalendo, shinikizo kwa Kigali halikuwepo, na adui alikuja na silaha nzuri zaidi. SADC ikaleta kikosi chake, SAMIDRC, Desemba 2023, wale wale watatu kwa kofia nyingine. Januari 2025 Goma ilianguka, Machi SADC ikafunga kazi. Askari wa kulinda watu wakawa wamezungukwa kambini mwao.

Mchora Ramani

Asante Volkano. Ongezea namba: 3,069 kwa Kivu mbili zenye mamilioni ya watu ni chini ya mmoja kwa 1,000. Brigedi hiyo ni nyundo. Inavunja kundi linalosimama mahali pamoja. Haikai kijijini usiku. Na Umoja wa Mataifa hulipa serikali, si askari, zaidi ya dola 1,400 kwa kila mtu kwa mwezi, mara nyingi kwa kuchelewa, kwa hiyo kila mkuu wa nchi anaambiwa na hazina yake asipoteze watu wala vifaa. Makamanda huuliza nyumbani kwanza kabla ya kutii jenerali wa UN.

Banange

Wakili, Umoja wa Afrika je? Si ulisemwa umefuta ule ukuta wa OAU?

Wakili wa Kata

Kwa maandishi, ndiyo. Sheria ya kuuanzisha, Lomé, Julai 2000, ibara ya 4(h): Umoja una haki ya kuingilia nchi mwanachama kwa uamuzi wa Mkutano Mkuu wa wakuu wa nchi, penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Ni mikataba michache sana ya kimataifa inayosema hivyo kwa uwazi. Jaribio kubwa lilikuwa Burundi. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama liliidhinisha kikosi cha MAPROBU, askari 5,000, na kutishia kukipeleka hata Bujumbura ikikataa. Bujumbura ikasema atakayekanyaga atachukuliwa kuwa mvamizi. Januari 2016 wakuu wa nchi wakakutana Addis Ababa, wakaamua hakiendi bila ridhaa. Mpaka leo 4(h) haijapeleka kikosi mahali.

Kyaka Darajani

Na Anjouan, kile kisiwa cha Komoro, 2008? JWTZ si walikwenda kwa kofia ya AU?

Wakili wa Kata

Walikwenda, 25 Machi 2008, pamoja na Wasudani, Libya na Senegal zikisaidia. Lakini hiyo haikuwa 4(h). Serikali ya Muungano wa Komoro ndiyo iliyoomba msaada kumwondoa Mohamed Bacar aliyejiweka madarakani kisiwani. Mwenye nyumba akikuita, huhitaji ibara ya kuvunja mlango. Mutsamudu ilichukuliwa siku hiyohiyo, Bacar akatoroka kwa boti hadi Mayotte. Na kwa maswali ya Mchora Ramani, Anjouan ilikuwa rahisi: kisiwa kidogo, jeshi la Muungano lipo tayari kushika ulinzi, na uchaguzi wa kisiwa ulifanyika Juni mwaka huohuo. Uganda haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.